Ukikamatwa na mgongo: tabibu wa kairopraktiki, fizio au mkandaji?

Kinyozi wangu akimaliza kunyoa ana mtindo wake. Hukufuta uso kwa taulo la moto, akakupiga-piga mabega, halafu bila kukwambia neno mkono mmoja uko kidevuni na mwingine kisogoni. Ka! Shingo imelia upande wa kulia. Ka! Na kushoto. Wanaongoja kwenye benchi hucheka, nawe unashuka kitini ukijihisi mwepesi. Miaka mingi nimenyongwa shingo hivyo na sikuwahi kuuliza swali hata moja.

Nilianza kuuliza mamangu mdogo alipokamatwa na kiuno. Ana miaka sitini na minane, ana presha, na miaka miwili iliyopita aliwekewa dawa ya kuzuia damu isigande kwa sababu ya moyo. Hawezi kukaa chini kwenye mkeka tena, na hilo kwake ni msiba. Akaanza kunirushia video kwenye WhatsApp: matabibu wa kairopraktiki wa Marekani, wale wanaosukuma pingili za mgongo kwa mikono, wanamlaza mtu, wanamfunga mkanda chini ya taya, wanamvuta kichwa kwa nguvu, mifupa inalia kama kuni kavu, mgonjwa anainuka analia kwa furaha. "Mwanangu, nipeleke kwa hawa." Jirani naye akasema pesa za nini, kuna bibi mkandaji mtaa wa pili. Binamu yangu anayefanya kazi duka la dawa akasema fizio, yaani mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo na mazoezi.

Tukakaa kulinganisha, na kwa siku mbili tulilinganisha kitu kile kile: nani anaponesha. Kwa swali hilo wote watatu wana mashahidi, na mashahidi wenyewe hawasemi uongo. Maumivu mengi ya kiuno yanayoanza ghafla hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, kwa hiyo yeyote uliyekwenda kwake wiki ya tatu ndiye atakayepewa sifa. Niliona maswali mawili mengine yanawatenganisha vizuri zaidi. Nani atakuhoji kabla hajakugusa? Na akikuumiza, utamshikia wapi?

Hawa ni kina nani

Kairopraktiki ilianzia mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895. Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, alikuwa mtu wa tiba za sumaku. Alidai kwamba alimrudishia usikivu msafishaji wa jengo aliyekuwa kiziwi kwa kumsukuma pingili moja ya mgongo, na juu ya dai hilo akajenga nadharia nzima kwamba maradhi mengi hutokana na pingili zilizokaa vibaya. Nadharia hiyo haikusimama mbele ya sayansi. Kazi ya mikono ndiyo iliyosimama, kwa kiasi, na hasa kwa maumivu ya kiuno. Madaktari wa Marekani waliipiga vita kiasi kwamba matabibu kadhaa wa kairopraktiki walikishtaki chama cha madaktari hao mwaka 1976, na mwaka 1987 mahakama ikaamua kuwa chama hicho kilikula njama ya kuwasusia.

Siku hizi si waganga wa vichochoroni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka mtu anayeanzia mwanzo asome saa zisizopungua 4,200 ndani ya miaka minne, na kati yake 1,000 ziwe za kutibu akisimamiwa. Afrika Kusini wanafundisha shahada hiyo katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Uingereza ina sheria yake tangu 1994: mtu asiyesajiliwa na Baraza Kuu la Kairopraktiki akijiita tabibu wa kairopraktiki, anatenda kosa la jinai.

Shida ni kwamba kibao cha mlangoni hakikwambii kama aliye ndani alisoma saa hizo 4,200 au wiki mbili za masaji pamoja na video zile zile anazozitazama mamangu mdogo.

Fizio ni rahisi kumjua. Kenya ina Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014 na baraza lake, wanasoma KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, na vyuo vikuu, na hospitali kubwa nyingi za serikali zina chumba chao, chenye ngazi ya mbao na mipira mikubwa ya plastiki. Wapo mafizio wanaosukuma pingili za mgongo vilevile, kwa mbinu ile ile ya kasi. Kwa hiyo usidhani ukikwepa jina la kairopraktiki umekwepa na msukumo.

Mkandaji hahitaji maelezo. Mafuta ya nazi yaliyopashwa, dole gumba lenye nguvu za ajabu, na dua mdomoni. Muunga mifupa mweke kando kidogo, maana yeye huingia kwenye mivunjiko, na huko mambo ni mengine.

Shingo

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu kiuno na shingo si kesi moja, na watu wengi wanaotafuta tiba ya kiuno hujikuta wamekunjwa shingo "ili tumalize mwili mzima".

Ule mlio, kwanza, hauna maana kubwa. Ndani ya kiungo mna ute, na ukivuta kiungo ghafla shinikizo hushuka, kiputo cha gesi hujitokeza, sauti inatoka. Hakuna mfupa uliokuwa nje ukarudi ndani. Tabibu anayekwambia "umesikia? umerudi mahali pake" ama hajui au anauza.

Ubavuni mwa shingo, kila upande, unapanda mshipa mkubwa wa damu unaopita kwenye matundu ya pingili zenyewe kama uzi kwenye shanga. Karibu na fuvu unajikunja kuizunguka pingili ya juu kabisa, kisha unaingia kuulisha ubongo wa nyuma. Kichwa kikizungushwa kwa kasi, hapo juu ndipo mshipa unaponyooka na kuvutika. Ukuta wake wa ndani ukichanika, damu hujipenyeza katikati ya kuta, bonge hutengenezeka, na likichomoka linakwenda moja kwa moja ubongoni. Hicho ni kiharusi, na kinaweza kumpata mtu wa miaka thelathini asiye na presha wala kisukari. Huko Los Angeles, mwaka 2016, mwanamitindo wa miaka 34 alikufa hivyo, na mchunguzi wa vifo aliandika kwamba mshipa ulichanika kutokana na kusukumwa shingo na tabibu wa kairopraktiki.

Ni nadra. Na kuna jambo la haki kulisema kwa upande wa matabibu. Utafiti mkubwa wa Ontario, Kanada, uliotoka 2008, ulikuta kwamba waliopata kiharusi cha aina hii wakiwa chini ya miaka 45 walikuwa wamemwona tabibu wa kairopraktiki siku chache kabla, zaidi ya ilivyotarajiwa, lakini pia walikuwa wamemwona daktari wa kawaida zaidi ya ilivyotarajiwa. Maelezo yao ni kwamba mshipa ukianza kuchanika wenyewe, dalili ya kwanza ni shingo kuuma na kichwa kugonga, na mtu mwenye shingo inayouma huenda kutafuta tiba ya shingo. Anaingia mlangoni tayari ana mchaniko.

Wengine hulitumia jibu hilo kujisafisha. Mimi nalisoma kinyume. Kama mgonjwa huweza kufika na mshipa umeshaanza kuchanika, basi kuizungusha shingo yake bila kumhoji ni kosa kubwa zaidi. Mwaka 2014 chama cha magonjwa ya moyo cha Marekani kilisema ushahidi hautoshi kuthibitisha kwamba msukumo ndio chanzo, lakini mgonjwa aambiwe juu ya uhusiano huo kabla hajaguswa shingo. Aambiwe. Kinyozi wangu hajawahi kuniambia kitu, na nimeshindwa kumlaumu, maana si kazi yake. Tabibu anayelipisha ada ya ushauri hana kisingizio hicho.

Mwaka 2017 mjini York, Uingereza, mzee wa miaka 80 alikwenda kwa tabibu aliyesajiliwa, mwenye vyeti vyote, kwa sababu ya mguu uliokuwa ukimuuma. Alikuwa na historia ya upasuaji wa mgongo, na kano za uti wake zilikuwa zimegeuka mfupa, zimekakamaa. Shingo ilivunjika pale kitandani. Aliondolewa kitandani akakalishwa kitini, na kesho yake alifariki hospitalini. Uchunguzi wa kifo ulipomalizika mwaka 2019, afisa aliyeuendesha aliliandikia baraza la kairopraktiki kuhusu mambo mawili: matabibu wafundishwe huduma ya kwanza, na lifikiriwe suala la kupata picha za mgongo kabla ya kutibu.

Naikumbuka kesi hiyo kwa sababu ya lile la kitini. Mtu aliyeumia shingo hasogezwi. Hilo wanajua hata makonda wetu waliowahi kuona ajali.

Maswali kabla ya mikono

Kwanza nilimpeleka mamangu mdogo kwenye kliniki moja yenye kiyoyozi na bango la mifupa ya mgongo ukutani. Sitaitaja. Kijana mchangamfu, koti jeupe, akamwambia "karibu mama, lala kifudifudi". Dakika ya tatu mikono ilikuwa mgongoni. Dakika ya tano alimgeuza chali na kukishika kichwa. Nikamwambia ngoja kwanza, huyu anatumia dawa za kuzuia damu isigande. Akasema, "Haina shida, hatutoi damu." Nikamwinua mama tukatoka. Mezani nje tukapewa karatasi ya paketi ya vikao ishirini na vinne, ukilipa vyote leo unapunguziwa.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa fizio wa hospitali. Tuliketi foleni saa mbili na nusu kwenye benchi la chuma, na mamangu mdogo alininunia muda wote. Aliyetuita ni binti mdogo tu. Akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Shikamoo mama. Kabla sijakushika nina maswali, na mengine ya aibu kidogo. Utaniwia radhi."

"Marahaba. Uliza, mwanangu."

Yalianza lini? Uliinua kitu kizito, ulianguka? Usiku yanakuamsha? Umepungua uzito? Kikohozi cha muda mrefu, jasho la usiku, nyumbani kuna mtu aliyetumia dawa za kifua kikuu? Umewahi kuambiwa una uvimbe wowote? Mkojo unautawala? Choo je? Unapojitawadha, ngozi ya huko chini unaihisi kama zamani au imekufa ganzi? Hapo mamangu mdogo alinitazama, nikageukia dirisha. Kisha akamtembeza kwa visigino, akamtembeza kwa ncha za vidole, akamgonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira, akasoma maboksi yote ya dawa kutoka mkobani.

Sitaki ieleweke kwamba mafizio wote ni huyu na makairo wote ni yule. Nimesoma fomu za matabibu wa kairopraktiki wa Uingereza na maswali ni yale yale, mengine yamezidi. Ninachosema ni kwamba ndani ya dakika tano za kwanza utajua uko kwa nani, hata kama hujui kusoma cheti.

Kila swali lina maiti nyuma yake. Usiku, uzito na jasho: kifua kikuu huweza kula pingili za mgongo, na saratani ya matiti au ya tezi dume hupenda kuhamia huko. Pingili iliyoliwa ikisukumwa hubomoka, na mgonjwa aliyeingia akitembea hutoka akibebwa. Mkojo na ganzi ya sehemu za siri: diski, ule mto ulio katikati ya pingili, imebana kifungu cha neva za mwisho wa uti wa mgongo. Hiyo ni dharura ya upasuaji, siku hiyo hiyo, na kila saa inayopotea kwa kukandwa inaweza kumgharimu mtu uwezo wa kwenda haja maisha yake yote.

Kuhusu picha ya eksirei, usidanganyike nayo. Zipo kliniki zinazompiga picha kila anayeingia, badala ya kuuliza maswali. Kwa kiuno cha kawaida kisicho na dalili za hatari, picha haibadilishi matibabu, na mtu wa umri wa mamangu mdogo atakuwa na pingili zilizochakaa hata kama hana maumivu. Hapo ndipo linapouzwa lile neno "mgongo wako umeharibika, ungechelewa kidogo tu".

Mkandaji, kwa haki yake

Kwa misuli iliyokaza, mkandaji mzuri hashindwi na mtu. Hasukumi kwa kasi, anakujua tangu utotoni, na ukisema "hapo panauma" anasikia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, kuhusu maumivu sugu ya kiuno, unaikubali masaji miongoni mwa njia za kutumia, pamoja na mazoezi, elimu na hata kusukumwa pingili. (Ule mkanda mpana wa kiuno unaouzwa kila duka la dawa umo kwenye orodha ya visivyopendekezwa. Mamangu mdogo anao miwili.)

Udhaifu wake ni kwamba hana swali la jasho la usiku. Atakukanda mgongo wenye kifua kikuu miezi minne, kwa upendo kabisa. Na muunga mifupa akifunga banzi likabana kuliko inavyotakiwa, damu haipiti, na hospitali zetu zimekata viungo vya watoto kwa sababu hiyo. Vidole vikiwa baridi, vyeusi au vimekufa ganzi, banzi lifunguliwe papo hapo, usingoje ruhusa ya mtu.

Akikuumiza

Kuumia peke yake si uzembe wa kitaaluma. Mahakamani unatakiwa uoneshe kwamba alikuwa na wajibu kwako, kwamba alifanya chini ya kiwango ambacho mwenzake mwenye ujuzi huo angekifikia, na kwamba hilo ndilo lililokuumiza. Angalia hapo katikati: kiwango cha mwenzake. Kwa fizio kipo, kimeandikwa, na wapo wenzake wa kuitwa kutoa ushahidi. Kwa kairo aliyesajiliwa Uingereza au Afrika Kusini kipo pia, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye orodha ya baraza mtandaoni kabla hujatoka nyumbani. Kwa aliyejipachika jina, au kwa mkandaji, utamlinganisha na nani? Wakili wako ataanza kwa kutafuta kiwango chenyewe. Kadiri fani inavyokosa utaratibu, ndivyo na kesi yako inavyokosa mguu.

Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya 2002, kwa hiyo hata mtaalamu wa tiba asili unaweza kumuuliza cheti chake cha usajili. Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa matibabu, faida na hatari zake, na kwa lugha unayoielewa. Nimeona fomu ya ridhaa ya Kiingereza kitupu ikiwekewa alama ya dole gumba na bibi asiyejua hata "neck". Mbele ya sheria hiyo, karatasi ile sioni ina thamani gani.

Malalamiko kwa baraza na kesi mahakamani ni milango miwili. Baraza linaweza kumnyang'anya leseni, ila halikulipi. Mahakama inaweza kukulipa, ila muda unakwenda: Kenya na Tanzania, madai ya madhara ya namna hii yana miaka mitatu. Na anayeshtakiwa awe na cha kulipa, ndiyo maana swali la "una bima ya makosa ya kazi?" si la jeuri. Omba risiti. Omba nakala ya faili. Ukitoka na kizunguzungu, kuona vitu viwili-viwili, ulimi mzito, kushindwa kumeza, kuyumba, au kichwa kuuma kwa namna ambayo hujawahi kuijua, nenda hospitali ya rufaa moja kwa moja na umwambie daktari saa uliyosukumwa shingo. Usirudi kwa aliyekusukuma akusukume tena. Dalili hizi huweza kuja baada ya saa kadhaa, hata siku, na asiyetaja shingo hupimwa malaria.

Ningechagua hivi

Kiuno kilichokamatwa juzi baada ya kubeba gunia, hakuna dalili ya hatari: tembea, usishinde kitandani, na mkandaji akupe usingizi wa usiku. Kiuno cha miezi mitatu: fizio, na ukubali mazoezi. Ukitaka kairo na una pesa, mtafute mwenye usajili unaoweza kuuona mwenyewe, lipa kikao kimoja kimoja, na ukiwa na miaka zaidi ya sitini, mifupa dhaifu, baridi yabisi au dawa za kuzuia damu isigande, mwambie msukumo wa kasi hutaki. Anayejua kazi ana mbinu nyingine za taratibu. Shingo: fizio, na kunyongwa hapana.

Mtoto mchanga anayelia usiku sitampeleka kwa yeyote kati yao. Uingereza mwandishi Simon Singh aliyehoji hadharani mwaka 2008 madai ya kutibu msokoto wa watoto kwa kairopraktiki alishtakiwa na chama cha matabibu hao, na chama kikaiondoa kesi 2010. Australia, bodi yao wenyewe iliwaambia matabibu mwaka 2019 wasisukume mgongo wa mtoto wa chini ya miaka miwili. Mtoto huyo ni wa daktari wa watoto.

Mamangu mdogo sasa ana karatasi ya fizio ukutani jikoni, mazoezi manne, anayafanya akingoja chai ichemke. Alhamisi bibi mkandaji huja kumkanda miguu. Wamewekeana sharti, kutoka mabegani kwenda juu hakuguswi, na bibi amelipokea ingawa kila akija hulalamika kwamba ndiko penye ugonjwa wenyewe.